Ukuta Uliojengwa Bila Chokaa

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie ukuta uliotuacha midomo wazi, mimi na bibi yenu na mama yenu mdogo akiwa bado mtoto, tulipokwenda Zimbabwe. Uko karibu na mji wa Masvingo, mahali paitwapo Great Zimbabwe.

Ukuta huo unazunguka kama mita 250, na kuna sehemu umepanda hadi mita 11. Basi mama yenu mdogo akapenyeza kidole katikati ya mawe, akitafuta udongo. Wapi! Hamna udongo, hamna chokaa, hamna saruji. Ni jiwe juu ya jiwe.

Waliwezaje? Milima ya kule ni ya itale. Mchana jua linaichoma, usiku baridi inaipiga, nayo inabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Mafundi wakaongeza mbinu yao: wanakoka moto juu ya mwamba, kisha wanaumwagia maji baridi, paa, unapasuka! Vibamba hivyo wakavigonga hadi vikawa kadiri ya matofali, wakavipanga safu kwa safu, chini ukuta mnene sana, juu mwembamba, ili usianguke.

Ndani tukapita kwenye ujia mwembamba, mmoja nyuma ya mwingine, hadi penye mnara wa mawe. Hauna mlango wala chumba. Waliouchokonoa wakitafuta hazina waliambulia mawe tu.

Kinachoniuma ni hiki. Wazungu walipoitawala nchi ile, wengi wao walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kujenga hivi, wakasema ni kazi ya Wafoinike, au ya Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson, Mwingereza, alichimba pale akatangaza wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Waliojenga ni mababu wa Washona, kuanzia karne ya 11 hadi ya 15.

Na walijuana na watu wa pwani yetu. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, ikapanda jahazi kuja Kilwa. Ndiyo maana pale Great Zimbabwe iliokotwa sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa.

Likizo ijayo tutakwenda Kilwa mkalione kasri hilo. Lile lilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kwa hiyo penyezeni vidole vyenu, halafu mniambie mmegusa nini.