Paka wa Kisangani kazi yake imo ndani ya nyumba

Mjini Kisangani paka hafugwi ili apakatwe. Anafugwa kwa ajili ya panya: yule anayetoboa gunia la mchele, anayemaliza mihogo mikavu, anayetafuna waya na kukojolea sahani. Mwambie mama wa Mangobo au Kabondo amfungie paka wake ndani, naye atakuuliza kwanza: na panya atamshika nani? Swali ni la haki, na ukilifuata vizuri linaishia upande wa kumfungia.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha walichokiona kwa kamera katika kiwanda cha kuchambua taka huko Brooklyn, New York, ambako paka wa mtaani na panya waliishi pamoja. Kwa siku 79 za kurekodi, paka waliwanyatia panya mara 20, wakajaribu kuua mara 3, wakafaulu mara 2 tu. Panya wa kule ana zaidi ya gramu 300 na meno ya kujitetea, na paka si mjinga. Panya wa darini kwetu ni mwepesi zaidi, kwa hiyo paka hodari humweza, lakini utafiti wa karibu zaidi na sisi unatuambia tusitie chumvi. Huko Eswatini, mwaka 2017, wanasayansi walipima jinsi panya wanavyokula kuzunguka maboma ya wakulima. Penye paka peke yake, au mbwa peke yake, panya hawakujali sana. Penye wote wawili walikula kwa hofu na kuacha chakula. Faida ya wanyama hawa, basi, ni hofu wanayoitia kuliko idadi ya panya wanaowaua. Na hofu hufanya kazi pale mwindaji alipo. Usiku panya yuko jikoni na darini. Paka anayezurura juu ya paa la jirani hamtishi.

Huko nje anafanya nini? Cape Town waliwavisha paka kamera ndogo shingoni. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwenye paka huletewa nyumbani asilimia 18 tu ya wanyama waliouawa. Waliobaki huliwa au huachwa hukohuko. Nusu ya walionaswa na kamera walikuwa mijusi na jamaa zake, ambao hawaletwi mlangoni mara nyingi. Kwa hesabu ya watafiti hao, paka wa mji ule huua wanyama milioni 27.5 kwa mwaka. Kwa hiyo anayesema "wangu hawindi, sijaona hata nyoya" amesema alichokiona, basi.

Wala si njaa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa wakila waliletewa panya. Waliacha sahani, wakamuua, wakamvuta hadi kwenye chakula, kisha wakaendelea kula. Kushiba na kuwinda ni mambo mawili katika ubongo wa paka.

Sasa tazama mji wetu ulipokaa. Kilomita 14 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya zamani ya Buta, ndipo ilipo hifadhi ya msitu wa Masako, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wametega mitego ya panya na virukanjia kwa miaka mingi. Kirukanjia ni yule mdogo mwenye pua ndefu ambaye wengi humwita panya, ingawa si panya: anakula wadudu. Mmoja wao, Crocidura caliginea, alipewa jina la kisayansi mwaka 1916 kutokana na mnyama wa Medje, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Mwaka 1990 Dudu Akaibe wa Kisangani na Rainer Hutterer wa Ujerumani walimweleza upya, safari hii wakiwa na vielelezo vya Masako. Paka huua virukanjia lakini mara nyingi hawali, kwa sababu ya tezi zao zenye harufu kali. Kiumbe anayejulikana kutoka sehemu chache hivyo anaweza kuishia vumbini pembeni ya shamba, asiliwe hata na aliyemuua.

Kuna watakaosema paka naye ni Mwafrika. Ni kweli: babu yake ni Felis lybica, paka-mwitu wa nyika na majangwa. Ila huyo hakai katika msitu mnene wa mvua. Msitu wa jimbo letu la Tshopo una chui wake na paka wa dhahabu, wachache na wenye haya. Huyu wa nyumbani ameingia na watu, naye husogea kila shamba na tanuru la makaa vinaposogea.

Paka mwenyewe hana salama huko nje. Pikipiki, mbwa, na sufuria ya jirani asiyeona aibu. Kibaya zaidi ni sumu ya panya. Ile inayozuia damu kuganda haimuui panya papo hapo. Inamwacha akijikokota siku kadhaa, windo rahisi kabisa, na paka akimla mara kwa mara huvuja damu kwa ndani. Akiumwa na mnyama mwenye kichaa cha mbwa, tatizo linahamia kwa watoto wa nyumbani.

Mambo ya kufanya si ya gharama. Beseni la mchanga wa mto pembeni, na kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuambukiza. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Fufu na sombe peke yake havitoshi: paka anahitaji taurini, iliyomo katika nyama na samaki, kwa hiyo ndagala wachache, bila chumvi ya makayabu wala vitunguu. Chuo Kikuu cha Exeter kilionyesha mwaka 2021 kwamba chakula chenye nyama nyingi kilipunguza windo linaloletwa nyumbani kwa asilimia 36, na mchezo wa dakika 5 hadi 10 kwa siku kwa asilimia 25. Kamba na kitambaa vinatosha.

Kumfungia mchana kutwa katika nyumba ya bati lenye joto ni kumtesa, nami sikushauri hivyo. Anza na usiku. Saa kumi na mbili jioni mwite, mpe chakula, funga mlango wa jiko yeye akiwa ndani na gunia la mchele, na asubuhi usimfungulie kabla jua halijapanda vizuri.