Kifafa: Dawa Isikatike, Mgonjwa Asitengwe

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumzie ugonjwa ambao katika nyumba nyingi hutajwa kwa kunong'ona. Nao ni kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana ugonjwa huu, na kwamba 7 katika kila 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa. Kwa nini basi bado tunakutana na watu wenye makovu ya moto usoni na mikononi?

Sababu moja ni imani kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Mama anaangukia jikoni, na waliopo wanakimbia badala ya kumvuta kutoka motoni. Imani hiyo si ya kweli. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Umeme huo ukifumka ghafla, mwili hukakamaa na kutetemeka. Chanzo chaweza kuwa jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au minyoo ya tegu wa nguruwe. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Lakini povu halimwambukizi mtu yeyote.

Basi mgonjwa akianguka, mwondoe penye moto, maji au barabara. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegezee nguo shingoni, na mtetemeko ukitulia mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimbane kwa nguvu, wala usimtie kijiko mdomoni, utamvunja meno. Tazama saa. Zikipita dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, mkimbizeni hospitali.

Sasa tuje kwenye dawa. Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake ni nafuu. Nyingine ni fenitoini, kabamazepini na valproeti. Kila moja ina tabia yake. Fenobabitoni huleta usingizi, na watoto wengine huwafanya watukutu. Fenitoini huweza kuvimbisha ufizi, hivyo mgonjwa apige mswaki vizuri. Anayetumia kabamazepini akitokwa na vipele aende hospitali siku hiyo hiyo. Valproeti yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni; mwanamke wa umri wa kuzaa azungumze na daktari, lakini asiache dawa peke yake.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Mgonjwa hukaa miezi kadhaa bila kuanguka, jamaa wakasema, "Amepona," dawa ikatupwa. Ubongo uliozoea kutulizwa na dawa, ukiikosa ghafla, waweza kuleta mianguko mfululizo, na hiyo huua. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo, kwa amri ya daktari, kwa kawaida baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka.

Tuna fundisho lake hapa hapa Tanzania. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Katika wagonjwa 164 waliofuatiliwa, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka walipokuwa wakitumia dawa. Miaka 30 baadaye wengi wao walikuwa wamekufa, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe: kuungua, kuzama majini, na mianguko isiyokoma.

Kwa hiyo, ndugu, kazi ya muuguzi hospitalini huendelea nyumbani kwako. Mchague mtu mmoja wa kusimamia dawa kila siku kwa saa ile ile. Nendeni mkachukue nyingine kabla chupa haijaisha. Andikeni kila mwanguko kwenye daftari, mlionyeshe kliniki. Mgonjwa alale vya kutosha, aepuke pombe, asiende kuvua wala kuteka maji kisimani peke yake. Na mtoto mwenye kifafa apelekwe shule kama wenzake.