DAMU NA KIFUA KIKUU: KHABARI KUTOKA MBEYA



Msimu uliopita mwenzetu mmoja alitujia na karatasi mkononi. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa akikohoa tangu wachumaji walipoanza kupanda mikarafuu, na katika maabara moja ya watu binafsi alitozwa fedha kwa kipimo cha damu, akaambiwa kuwa mtoto ana kifua kikuu. Alitaka kujua kama damu yaweza kusema jambo hilo. Kwa kuwa wengine nao wamekwisha kutuuliza, tumelitafutia swali hili jawabu, na jawabu limetupeleka mbali, hata nyanda za juu za kusini, katika Mbeya na Iringa.

Kwanza tueleze shida ilipo. Kifua kikuu hutafutwa katika makohozi. Mtu mzima hukohoa akatema katika kikopo, na maabara ikatazama. Mtoto mdogo hatemi, humeza. Na hata makohozi yakipatikana, vijidudu vilivyomo huwa vichache mno. Tena mapafu huvimba kwa sababu nyingi: pumu, nimonia, moshi wa kuni jikoni. Kikohozi cha haya yote ukikisikiliza kwa sikio tu ni kile kile. Ndiyo maana wazazi hutamani kipimo cha damu, na ndiyo maana wauzaji hawakosekani.

Vipimo vingi vilivyouzwa kwa jina hilo hutafuta katika damu kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza ukutanapo na kijidudu. Kasoro yake ni kwamba yakadiriwa robo ya watu wote duniani wamekwisha kuingiwa na vijidudu vya kifua kikuu, na wengi wao hawataugua maisha yao yote, kwani vijidudu vimelala. Kipimo cha namna hii humsingizia mzima na humwachilia mgonjwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliziambia nchi zote zisikitumie kabisa kupimia kifua kikuu. Karatasi ya mwenzetu ilikuwa ya aina hii. Mtoto alipopelekwa hospitali alionekana ana pumu.

Lakini haifuati kuwa damu haina la kusema. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo mjini Mbeya, na kazi iliyofanywa huko pamoja na wataalamu wa Munich, Ujerumani, yastahili kujulikana. Pande hizo zina haja kubwa kuliko zetu. Katika uchunguzi wa taifa wa 2022 na 2023, kiasi cha watu wazima 11 katika kila 100 mkoani Iringa walikuwa na virusi vya UKIMWI, na Mbeya karibu 10. Mwenye virusi hivyo huugua kifua kikuu upesi, naye mara nyingi, sawa na mtoto, makohozi yake hayaonyeshi kitu.

Wataalamu hawa waliacha kutafuta silaha, wakawatazama askari wenyewe. Katika damu wamo askari waliokwisha kupigana na kijidudu cha kifua kikuu, na wanakikumbuka. Damu kidogo huchanganywa na chembe za kijidudu hicho, ikaachwa usiku kucha, na askari wanaokifahamu huamka. Hapo mashine hutazama nguo zao. Vijidudu vikiwa vimelala mwilini, askari huwa wamevaa alama iitwayo CD27. Vita vikiwa vinapiganwa sasa hivi, wengi wao huwa wamekwisha kuivua. Basi haiulizwi kama mwili umewahi kukutana na adui, huulizwa kama wanapigana leo.

Kipimo hiki kilijaribiwa kwa watoto wa Mbeya na Bagamoyo tangu Mei 2011 hata Septemba 2012. Walichaguliwa watoto 130. Kwa 17 jawabu halikueleweka, na jambo hilo si dogo. Katika watoto 18 ambao vijidudu vyao viliota maabara na kuthibitishwa, damu iliwatambua 15. Katika 63 walioonekana hawana maradhi haya, iliwasingizia 2 tu. Tena iliwaonyesha 5 wengine ambao madaktari waliwashuku sana ingawa kijidudu hakikupatikana. Jawabu lilitoka kwa siku moja, wakati kuotesha vijidudu kulichukua kama siku 20. Kwa mtoto anayekonda, siku 20 ni nyingi.

Mbona basi hakipo katika zahanati zetu? Chahitaji damu mbichi, mashine ya thamani na fundi aliyefunzwa vizuri. Kwa hiyo ikatafutwa njia nyepesi: tone la damu ya kidoleni hutiwa katika kichupa, na mashine husoma jeni tatu za mwili, ikajibu kabla ya saa kwisha. Mbeya ilikuwamo tena katika kuijaribu, pamoja na Malawi, Msumbiji, Afrika Kusini na India, kwa watoto walioandikishwa kati ya 2019 na 2021. Iliwatambua wagonjwa kama 60 katika kila 100, na wasio wagonjwa iliwaachilia kama 90 katika kila 100. Sisi twaona ni mwanzo mwema, wala si zaidi, maana watoto 40 wanaoachwa wana mama zao.

Kipo kipimo kingine cha damu kilichokwisha kuruhusiwa, kiitwacho CRP. Ini hutoa chembe hizo popote mwili unapovimba. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekikubali kwa wenye virusi vya UKIMWI, ili kujua nani achunguzwe zaidi. CRP husema pana moto, haisemi ni nyumba ya nani.

Kwa sasa mtoto anayekohoa wiki mbili, au anayepungua uzito, au aliyelala chumba kimoja na mgonjwa, hupimwa hospitali kwa picha ya kifua na kwa mashine ya GeneXpert. Wengi wetu hatukujua kwamba mashine hiyo hupima choo pia, kwa kuwa makohozi anayomeza mtoto hupita tumboni. Mzazi huchukua kidogo kwa kijiti, akakitia katika chombo safi chenye kifuniko. Na kama ni kifua kikuu, dawa zake katika hospitali za Serikali hazilipiwi.