Twendeni Kwale Tukaone Mlima na Bahari

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi naongeza kuwa kutembea nako ni kuona mengi, tena bila kungoja uzee. Ndiposa mwaka huu nimeamua kuwaandikia wenzangu wa Chama cha Kiswahili makala haya, ili niwaeleze kwa nini safari yetu ijayo ifaa iwe ya Kwale.

Katika somo la Jiografia tunasoma habari za nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania. Kule kusini mwa Ufaransa, milima ya Alps hushuka hadi karibu na maji. Watu hutoka mbali kwenda huko kwa sababu mtu aweza kuoga baharini asubuhi na jioni akawa mlimani. Tukisoma hayo darasani, wengi wetu huguna na kusema, "Jameni, wenzetu wamebarikiwa!" Lakini je, msomaji mpenzi, wajua kwamba sisi wa Utange tuna mahali kama hapo, tena pasipohitaji ndege wala pasipoti?

Ukitoka Utange, panda matatu hadi mjini, kisha vuka feri mpaka Likoni. Anayekwenda kwa miguu hatozwi senti kwenye feri. Kutoka Likoni shika barabara ya kusini hadi Kombani. Hapo njia hugawanyika. Ukienda moja kwa moja utafika Tiwi, Ukunda na Diani, kwenye mchanga mweupe. Ukipinda kulia utaanza kupanda kupitia Golini, minazi na miembe ikikusindikiza, hadi mji wa Kwale ulio juu mlimani. Tusidanganyane, Milima ya Shimba haina theluji. Kilele chake hufikia kama mita 450 tu. Hata hivyo, ukishuka garini utajua umefika kwingine, manake joto la Mombasa umeliacha chini.

Sababu ya kwanza ya kwenda huko ni kujionea jinsi mvua inavyotengenezwa. Sote twazijua pepo za kusi na kaskazi. Kusi hutoka kusini mashariki ikiwa imebeba unyevu wa bahari. Ikifika Shimba, mlima huizuia na kuilazimisha kupanda juu. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka ukungu, mawingu na mvua. Msitu nao huyapokea maji hayo, ukayahifadhi ardhini na kuyaachilia polepole kupitia chemchemi na mito. Chemchemi za Marere zimo humo msituni, na maji yake huletwa kwa mabomba hadi sehemu za Kwale na za Mombasa. Maji ya kwetu Kisauni hutoka Baricho, upande wa Kilifi, lakini mabomba yakikauka hapa Utange na mikokoteni ya mitungi ikaanza kupita, sote twajua thamani ya chemchemi. Mtu aliyeiona kwa macho yake hatakubali msitu wake ukatwe kwa ajili ya magunia ya makaa.

Sababu ya pili ni wanyama. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa rasmi mwaka 1968, na ndiyo mahali pa pekee nchini Kenya ambapo palahala huishi porini. Palahala ni mnyama wa jamii ya swara, dume lake ni jeusi na pembe zake ndefu zimepinda kwa nyuma kama jambia. Ndani ya hifadhi pia kuna maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20, ambayo huendewa kwa miguu mkiongozwa na askari wa wanyama. Aidha, kuna vilima ambavyo ukisimama juu yake waiona Bahari Hindi ikimeta kwa mbali.

Ndovu nao wako, na hapa pana funzo. Ndovu wakizidi, msitu huwa mdogo kwao, wakaingia mashambani kula mahindi ya watu. Mwaka 2005 serikali ililazimika kuwahamisha ndovu 150 kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki. Kabla ya hapo, mwaka 1995, wakulima wa Kiduruma na Kidigo walifungua hifadhi yao wenyewe hapo kaskazini mwa Shimba, iitwayo Mwaluganje. Waliacha kulima sehemu ile ili ndovu wapate njia na malisho, na wao wakawa wanagawana pesa za viingilio. Fikiria basi: wageni wakija, mkulima hupata karo ya mwanawe bila kumchukia ndovu. Wageni wasipokuja, mgao hupungua, na jembe hurudi msituni. Kwa hivyo mgeni naye ni mlinzi.

Sababu ya tatu ni kaya. Tukishuka mlimani hadi pwani, kusini ya Diani, twafika Kaya Kinondo. Huu ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na ni miongoni mwa kaya za Mijikenda ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni huongozwa na wenyeji. Hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, haruhusiwi kufanya mzaha, na hatoki na kitu chochote, hata kama ni kijiti kikavu. Kumbe kabla ya sheria za serikali wazee walikuwa na sheria zao, nazo zimeilinda miti kwa mamia ya miaka! Sisi vijana tunaodhani mambo ya wazee yamepitwa na wakati, hapo tutafunga midomo.

Sababu ya nne iko Gazi. Mto Mkurumudzi huteremka kutoka Milima ya Shimba na kuingia baharini kwenye ghuba ya Gazi. Maji ya mto yanapokutana na ya chumvi, mikoko husitawi, na kwenye mizizi ya mikoko samaki, kaa na kamba hukulia. Ina maana kwamba anayekata mti kule mlimani anampunguzia mvuvi kitoweo huku chini, ijapokuwa wawili hawa hawajapata kuonana. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamelifahamu hilo. Wana mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013, unaotunza hekta 117 za mikoko. Watu wa ng'ambo huwalipa kwa sababu miti hiyo hunyonya hewa ya ukaa, na pesa hizo zimesaidia shule na maji ya kijiji. Kina mama wa Gazi nao wamejenga daraja la mbao la kupitisha wageni katikati ya mikoko.

Gazi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewapiga Waingereza vita mwaka 1895 na 1896. Mwalimu wa Historia atafurahi.

Sababu ya mwisho yatuhusu sisi wanachama hasa, nayo ni lugha. Vitabu vyatufundisha kuwa Kiswahili kina lahaja nyingi, nasi twazikariri kama majina ya mitume: Kivumba, Kichifundi, Kimvita. Lakini ni nani kati yetu amepata kumsikia mzee wa Wasini akizungumza Kivumba? Ukifika Shimoni, kwenye yale mapango yanayosimuliwa kuwa watumwa walifungiwa humo, panda mashua uvuke hadi kisiwani. Njiani huenda ukaonana na pomboo. Kisha kaa kibarazani usikilize. Saa moja pale itakufaa kuliko kurasa kumi za kukariri.

Najua wengine watasema safari ni gharama. Ni kweli, lakini wanafunzi hutozwa kiingilio kidogo kuliko watu wazima, na basi la Kwale litakula mafuta machache mno kuliko lile la Nairobi tuliozoea. Siku mbili zatosha: moja ya mlima, moja ya bahari.

Shime basi, wenzangu! Naomba walimu wetu watusaidie kuandika barua mapema, nasi tuanze kuchanga kidogo kidogo, kwani haba na haba hujaza kibaba. Mlima na bahari ni ndugu wa tumbo moja. Tukiwatembelea tukiwa wanafunzi, kesho tukiwa watu wazima na wenye madaraka hatutakubali mmoja auzwe na mwingine afe kwa kiu.