Kijana, Kiwanja na Kodi ya Nyumba Rungwe

Zamani, katika nchi ya Wanyakyusa, makazi ya kijana yalikuwa wajibu wa jamii nzima. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza kuwa wavulana wa miaka 10 hivi walijenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha baba zao, na kwamba kizazi cha wazee kilipokabidhi utawala, vijiji vya rika, yaani vya watu waliolingana umri, vilivyotokana na vibanda hivyo vilitengewa ardhi yake.

Leo kijana anayetoka Kinyala, wilayani Rungwe, kwenda kusoma au kufanya kazi mjini Tukuyu, sawa na mwenzake wa mji mwingine wowote wa Tanzania, hulikabili soko la nyumba peke yake. Hutafuta chumba kupitia kwa dalali, ambaye hulipwa ujira kwa kumkutanisha na mwenye nyumba, kisha mara nyingi hutakiwa kulipa kwa mkupuo kodi ya miezi 6 au hata 12, ilhali mshahara huja mwezi kwa mwezi. Akishalipa, hana nguvu tena ya kudai paa linalovuja litengenezwe, na katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe, unyevu wa chumba ni suala la afya.

Sheria ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1984, iliyowalinda wapangaji, ilifutwa mwaka 2005. Udhibiti huo ulikuwa na kasoro, kwa kuwa kodi isiyopanda huku bei za saruji na mabati zikipanda humkatisha mwenye nyumba tamaa ya kukarabati. Hata hivyo, kuondoa ukomo wa kodi hakulazimishi kuondoa kinga nyingine: sheria inaweza kuliachia soko bei, lakini ikadai mkataba wa maandishi, ikapunguza malipo ya mkupuo na ikamlazimu mwenye nyumba kufanya matengenezo ya msingi.

Kinga hizo hazitatosha ikiwa vyumba ni vichache. Katika miaka ya 1970, Serikali ikisaidiwa na Benki ya Dunia iliandaa katika miji kadhaa, Mbeya ukiwamo, viwanja vilivyopimwa na kuwekewa barabara na maji, ili wananchi wajenge kidogo kidogo kwa uwezo wao. Halmashauri za miji midogo zinapaswa kufuata njia hiyo mapema, kabla makazi hayajabanana, kwa sababu ardhi iliyopangwa ndiyo inayomwezesha mwenye kipato kidogo kujenga, na kila anayejenga humwachia mpangaji mwingine chumba.