Pikapu ya familia: itawalisha, au ninyi mtailisha?

Mwanza. Alfajiri katika Mwaloni wa Kirumba, pikapu zinarudi nyuma taratibu kuelekea mizani. Wapagazi wanapakia magunia ya dagaa, kamba zinakazwa, injini zinawashwa. Muda si mrefu, baadhi ya pikapu hizo hizo zinasimama nje ya lango la shule, na watoto wanashuka na mabegi yenye harufu ya mzigo wa asubuhi.

Ndiyo maisha ya familia nyingi za kanda ya ziwa. Gari ni moja, na gari hilo hilo ndilo la biashara, la shamba, la hospitali usiku na la kanisani au msikitini. Likichaguliwa vizuri, linasomesha. Likichaguliwa kwa macho tu, linakula ada ya watoto kabla muhula haujaanza.

Chukulia nyumba moja ya Igoma, yenye watoto watatu. Mama ananunua dagaa Mwaloni na kuwauza Kisesa na Magu. Baba ni fundi ujenzi, na pamoja na kaka yake ana boti ambayo mara chache huvutwa kwa tela kwenda kufanyiwa matengenezo. Akiba ipo, mkopo umekubaliwa. Baba ameshaona dabo kebini nyeupe yenye rimu zinazong'aa. Mama anauliza swali moja tu: “Baba watoto, hili gari litatulisha, au sisi ndio tutalilisha?”

Swali hilo halijibiwi kwenye yadi ya magari. Linajibiwa mezani, kwa daftari na kalamu.

Anza na mzigo, siyo na gari

Andikeni kila mnachobeba kwa wiki moja, na uzito wake. Pikapu nyingi za kawaida, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200, zimeundwa kubeba takriban tani moja, pungufu kidogo au zaidi kidogo kutegemea aina. Watu walioketi ndani nao wanahesabiwa kwenye uzito huo.

Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Ni tangi la maji la lita 1,000 likiwa limejaa, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mchanga ndio unaodanganya wengi: mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani moja na nusu, hivyo bodi inaweza kuonekana haijajaa huku springi zimeshalala.

Dagaa wakavu ni kinyume chake. Gunia ni kubwa kwa umbo kuliko kwa uzito, kwa hiyo bodi hujaa kabla gari halijachoka. Kwa mzigo wa aina hiyo, urefu wa bodi una maana kuliko nguvu ya injini. Singo kebini ina bodi ndefu. Dabo kebini ina bodi fupi, lakini ina viti vya nyuma.

Na kama mzigo wa kila siku ni kilo 200 au 300 za mboga, soda au vifaa vya dukani, jibu huenda siyo pikapu kabisa. Suzuki Carry, ile inayoitwa Kirikuu, ina injini ya sisi 660 tu na imetengenezwa kwa mizigo ya kilo 350 hivi. Inapita vichochoro vya Mabatini na Igogo bila taabu, na mafuta inakunywa kidogo. Haifai kuvuta boti, lakini ni wangapi wanaovuta boti kila siku?

Kuvuta ni kazi nyingine

Gari linaweza kubeba vizuri na bado likashindwa kuvuta. Matoleo ya karibuni ya Hilux, D-Max na Ranger yenye injini kubwa ya dizeli yameidhinishwa na watengenezaji kuvuta hadi kilo 3,500, lakini kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki kwa kawaida halitakiwi kuzidi kilo 750. Tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika, kwa sababu matela mengi yanayochomelewa mtaani hayana breki.

Hesabu ya tela ni pamoja na tela lenyewe. Boti ya kilo 600, injini yake, nyavu, matangi ya mafuta na chuma cha tela vikijumlishwa, kilo 750 zinapitwa mapema. Mwanza ni jiji la miamba na miteremko. Gari linaloshuka kilima cha Bugando likisukumwa na tela zito haliokolewi na honi. Dereva anatakiwa kuingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati, ili injini ishike kasi na breki zisichemke.

Mpangilio wa mzigo nao una kanuni. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela lililopakiwa iegemee kwenye ndoano ya gari. Uzito ukikaa nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia wa mjusi. Ukizidi mbele, pua ya gari huinuka na usukani unakuwa mwepesi.

Wanaoingiza tela majini wana jambo moja zaidi. Baada ya safari ndefu, beringi za magurudumu huwa za moto. Zikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hunyonya maji ndani na kuharibika mapema. Dakika 15 au 20 za kusubiri ufukweni zinaokoa fedha nyingi.

Injini na mwinuko wa ziwa

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Yenye turbo haioni tofauti kubwa.

Hata hivyo, nguvu siyo kila kitu. Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, inapendwa migodini na vijijini kwa sababu mafundi wengi wanaijua na haina umeme mwingi wa kuharibika. Ni ghali kununua na mafuta inakunywa. Injini mpya za dizeli zina nguvu zaidi kwa lita ndogo, lakini nozeli na pampu zake hazitaki mafuta machafu. Anayenunua dizeli kwenye madumu huko mwaloni afikirie hilo mara mbili.

Kabla ya kuchagua aina, nendeni gereji mnayoiamini mkaulize mambo matatu: vipuri vyake vinapatikana Mwanza leo, au vinaagizwa? Klachi inauzwaje? Nani mjini hapa ameshaifungua gia boksi yake? Gari linalosubiri kipuri wiki mbili halilipi mkopo.

Kulikagua lililotumika

Gari kutoka Japani linaweza kuwa na kilomita chache na bado likawa limeoza chini. Maeneo yenye theluji humwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo hula chesisi. Ziwa Victoria ni la maji baridi na halina kosa hilo, lakini maji ya barafu na ya samaki yanayotiririka kwenye bodi kila siku yanaleta kutu vilevile. Ingieni chini ya gari na tochi. Angalieni chesisi penye maungio, springi za nyuma na sehemu inapofungwa ndoano. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu ni swali, siyo sifa.

Liwasheni likiwa limepoa kabisa, asubuhi, kabla muuzaji hajalipasha moto. Lipandisheni kilima mkiwa na mzigo. Kisha linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, na mhakikishe umiliki unahamishwa TRA. Kama litabeba mizigo ya watu kwa malipo, ulizeni masharti ya LATRA, na bima iandikwe kwa matumizi hayo ya kweli. Ulizeni pia daraja la leseni linalotakiwa kwa gari lenye tela.

Watoto wanakaa wapi?

Hapa ndipo hesabu ya familia inapotofautiana na ya mfanyabiashara. Singo kebini inabeba watu wawili au watatu mbele. Familia yenye watoto watatu ikiinunua, watoto wataishia nyuma kwenye bodi, juu ya magunia. Huko hakuna kiti wala mkanda, na shimo moja barabarani linatosha. Akiba iliyopatikana kwenye bei haitoshi kununua kilichopotea.

Kwa hiyo pimeni: kama kuna njia nyingine salama ya watoto kufika shule, singo kebini inatosha. Kama gari ndilo njia pekee, dabo kebini siyo anasa. Kagueni mikanda ya nyuma mmoja mmoja. Kwenye magari ya zamani mara nyingi imekatwa au imezama chini ya kiti.

Mzigo nao ufungwe kila safari. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko. Barabara nzuri imeongeza kasi, na kasi haisamehi kamba iliyolegea.

Daftari likifungwa

Ile nyumba ya Igoma ikijaza daftari lake kwa uaminifu, itaona kwamba dagaa ni kila siku, saruji ni mara moja kwa wiki, na boti ni mara mbili kwa mwaka. Boti hiyo inaweza kukodiwa gari kubwa kwa siku hizo mbili. Mchanga uletwe na Kenta. Kinachobaki ni magunia na watoto watatu: dabo kebini ya kawaida, iliyotumika, yenye chesisi safi, bila rimu zinazong'aa, na fedha iliyobaki iwekwe kwa tairi, bima na matengenezo ya mwaka wa kwanza.

Huenda baba asiipende rangi yake. Lakini Januari ikifika, ada ikalipwa na mkopo ukalipwa, swali la mama litakuwa limejibiwa.