Kuijenga Upya Seva ya Akiba

Baadhi ya wenzetu waliokwisha ondoka shuleni sasa ni watunzaji wa kompyuta katika mabenki na maofisi. Wakija kututembelea twawauliza, kazi hiyo ina ugumu gani? Nimeona si vibaya kueleza sehemu yake moja tu, nayo ni kuijenga upya seva ya akiba iliyoharibika.

Kwanza wafikirieni makarani wawili. Karani mkuu huandika daftari, na kila aandikapo mstari hupeleka kijikaratasi kwa karani wa pili, naye hunakili mstari ule ule katika daftari lake. Mkuu akiugua, wa pili hushika kalamu na kazi haisimami. Ndivyo zilivyo seva mbili za hifadhidata, kuu na ya akiba, na vijikaratasi ndiyo kumbukumbu za mabadiliko. Lakini seva kuu haiweki vijikaratasi milele, maana vitajaza diski. Vya zamani huvifuta. Basi wa pili akichelewa mno, akaja kuulizia kijikaratasi kilichokwisha futwa, daftari lake limekatika wala haliungiki. Hapo hakuna dawa ila kulitupa, kunakili daftari zima la mkuu, kisha kufuata vijikaratasi tangu pale kunakili kulipoanza. Si tangu kulipokwisha, maana mkuu hakuacha kuandika wakati daftari lake likinakiliwa.

Kwa maneno, kazi ni nyepesi. Sasa tazameni yaliyowapata mafundi wa GitLab, kampuni iwatunziayo waandishi wa programu kazi zao. Tarehe 31 Januari, 2017, hifadhidata yao ya PostgreSQL ililemewa, na seva ya akiba ikaachwa nyuma kabisa. Fundi mmoja akaifuta data ya seva ya akiba, akaamuru programu ya kunakili ianze. Baada ya matengenezo mawili matatu programu ikakaa kimya. Kumbe ilikuwa ikiisubiri seva kuu, ila haikusema. Fundi akadhani mabaki katika folda ya data ndiyo yanayoizuia, akaazimia kuifuta folda tena. Ilikuwa kama saa tano na nusu za usiku kwa saa za Greenwich, naye amechoka. Majina ya seva zile yalitofautiana kwa tarakimu moja tu, na amri yake akaiandika katika seva kuu! Alitambua baada ya sekunde moja au mbili, akaisimamisha. Katika gigabaiti 300 hivi zilisalia kama 4.5.

Simlaumu. Nani kati yetu hajapata kufuta ubao kabla wenzake hawajamaliza kunakili?

Sasa seva zote mbili zilikuwa tupu. Tena hata seva ya akiba iliyo nzima msiitegemee kwa kila jambo: karani wa pili hunakili makosa ya daftarini pia, na mkuu akifuta mstari kwa bahati mbaya, naye hufuta. Kinachotakiwa hapo ni nakala rudufu, iliyowekwa mbali. GitLab walidhani wanazo. Kumbe programu iliyozitengeneza kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo ilishindwa kila mara. Barua pepe za kutoa habari ya kushindwa zilikataliwa njiani kwa kukosa sahihi iliyotakiwa. Hakuna aliyekuwa amejaribu kurudisha data kutoka nakala hizo, ama sivyo angalikuta hakuna kitu.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita hivi kabla ya mkasa, fundi mmoja alikuwa amechukua picha ya diski ya seva kuu ili aitumie katika seva ya majaribio. Picha hiyo ndiyo iliyorudishwa, nayo kwa sababu ya diski za polepole ilichukua saa 18 hivi kunakiliwa.

Huduma ilirudi jioni ya Februari 1. Programu zenyewe za wateja zilikuwa ghala jingine na hazikuguswa, lakini habari za miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na majina ya watumiaji wapya kama 700, vyote vya saa zile sita, havikupatikana tena.